AC ya gari haipozi jua likiwaka: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Moshi

Mimi ni fundi wa AC za magari. Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni watu wa Moshi mjini, wa Boma Ng'ombe, wengine wako njiani Same wamefungua vioo vyote na mtoto analia kiti cha nyuma. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika na majibu yangu. Usiyasome yote, tafuta linalofanana na ugonjwa wa gari lako.

Asubuhi inapoza vizuri, ikifika saa saba mchana inapuliza vuguvugu. Gesi imeisha?

Labda, lakini usianzie hapo. Kila anayekuja kwangu ameshaamua kwamba ni gesi, na wengi wao wameshajaziwa mara moja au mbili mahali pengine.

AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Ndani ya dashibodi gesi hunywa joto la kabini ikipita kwenye evaporeta, ile rejeta ndogo ya ndani. Kompresa inaigandamiza mpaka iwe ya moto kuliko hewa ya nje, halafu kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa nyuma ya grili, inalitema joto hilo nje. Saa moja asubuhi hewa yetu hapa haijafika hata nyuzi 20, hivyo hata kondensa chafu inaweza kutema. Saa nane mchana hewa imeshapanda nyuzi 33, lami inatoa moshi wa joto, na kondensa ile ile yenye vumbi la mashamba ya miwa ya TPC imeelemewa. Joto likikosa pa kutokea, presha inapanda na ubaridi unakufa.

Gesi iliyopungua kidogo nayo hujificha asubuhi ikaonekana mchana, ndiyo maana dalili peke yake haitoshi. Fanya jaribio la maji. Washa gari mchana wa jua kali, AC mwisho, weka mkono kwenye tundu la katikati. Mtu mwingine amwagie kondensa maji taratibu kwa ndoo na kopo kupitia kwenye grili, akiweka mikono mbali na feni. Hewa ikiwa baridi ndani ya dakika moja au mbili, mfumo una gesi ya kufanyia kazi ila joto halitoki. Tafuta uchafu, feni au gesi iliyozidi. Maji yasipobadilisha kitu, hapo sasa tuanze kufikiria gesi au kompresa.

Usitumie mashine ya kuoshea magari. Presha yake inalaza mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba, na ukishayalaza hewa haipiti tena.

Nikitembea inapoza, nikisimama kwenye foleni inageuka joto. Kwa nini?

Feni. Ukienda kasi, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, na ukisimama kondensa inategemea feni peke yake. Gari linalopoza vizuri kutoka uwanja wa ndege wa KIA halafu likakufia kwenye mzunguko wa YMCA hapa mjini lina tatizo la feni mpaka lithibitishe vinginevyo.

Fungua boneti, washa AC, angalia. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota feni inapaswa kuanza muda mfupi baada ya AC kuwaka, na yenye feni mbili zote mbili zizunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua mota.

Lakini kuzunguka tu hakutoshi, na hili nimelijua kwa aibu. Kuna Noah moja niliijaza gesi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Feni naiona inazunguka, geji ya presha ya juu inapanda, mimi nahangaika na valvu. Siku ya tatu mwenye gari, mama mmoja wa Kibosho, alikuwa anajipepea na gazeti mbele ya gari, gazeti likampeperuka mkononi kuelekea kwake. Feni ilikuwa inapuliza kwenda mbele! Mota ilibadilishwa na waya zikageuzwa, kwa hiyo kila alipokuwa barabarani upepo wa feni ulipigana na upepo wa safari, na aliposimama ilikuwa inarudisha joto la injini kwenye kondensa. Tulibadilisha waya mbili nafasi, tukamaliza. Nilimrudishia hela ya gesi ya pili.

Tangu siku hiyo karatasi ya gazeti ni kifaa changu cha kwanza. Iweke mbele ya grili feni ikizunguka. Inatakiwa ivutwe na kung'ang'ania pale. Ikianguka, feni ni dhaifu. Ikisukumwa, umeshaelewa.

Mimi naendesha gari la watalii Arusha. Hatukai mjini, mbona AC inachoka?

Angalia ulichofunga mbele. Ngao ya chuma, taa nne za ziada, na ule wavu wa kuzuia mbegu za nyasi. Wavu wenyewe ni mzuri, lakini ukitoka Tarangire au Serengeti umeziba kama chujio la chai na hakuna anayeutoa kuukung'uta. Pia mbegu na vumbi laini hupita na kukaa katikati, kati ya kondensa na rejeta. Ukichungulia kwa mbele unaona kondensa inang'aa, kumbe nyuma yake kuna blanketi. Inabidi kulegeza rejeta kidogo na kuosha kwa maji ya bomba ya kawaida kutokea nyuma kuja mbele. Ni kazi ya nusu siku, na kwa magari ya porini ni bora kuliko dawa nyingine yoyote ninayoijua.

Nitapimaje mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi?

Nunua kipimajoto cha kawaida chenye ncha ndefu, hata cha jikoni. Gari liwe limeshapata moto wa kawaida, vioo vimefungwa, kitufe cha hewa ya ndani kimewashwa, bloa (feni ya ndani) kwenye namba kubwa, baridi mwisho. Mtu ashikilie mafuta mpaka mshale ufike mizunguko 1,500 hivi. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati, subiri dakika kumi. Mfumo usio na ugonjwa utasoma kati ya nyuzi 5 na 10. Siku ya joto kali na unyevu inaweza kuwa 12 na bado siyo ugonjwa. Ikisoma 18 au 20, una kazi.

Kisha zima injini, feni isimame kabisa, ndipo uguse mabomba kwa haraka. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa linapaswa kuwa baridi, mara nyingi limetoka jasho kama chupa ya soda. Bomba jembamba linalotoka kwenye kondensa liwe la uvuguvugu. Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda kondensa usilishike, linaunguza. Bomba nene likiwa halina baridi yoyote na jembamba nalo halina joto, kompresa haifanyi kazi au gesi ni kidogo mno.

Ule mchoro wa gari lenye mshale unaozunguka ndani una faida gani?

Kubwa. Ukiuwasha, AC inapoza hewa ambayo imeshapozwa badala ya kuanza upya na hewa ya nyuzi 33 kila sekunde. Kwa vumbi letu ni faida mara mbili. Safari ndefu uzime kwa dakika chache kila baada ya muda ili upate hewa safi, usije ukasinzia.

Upepo wenyewe unatoka kidogo, ila ni wa baridi.

Filta ya kabini. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, unaitoa kwa mkono bila spana. Nimetoa humo majani ya mjakaranda, manyoya, na kiota cha panya kilichojengwa kwa vipande vya filta yenyewe. Wengine wanapoona ni chafu wanaitupa na kuendelea bila filta. Ni kosa, kwa sababu vumbi sasa linakwenda kujibandika kwenye evaporeta yenye maji maji na kuwa tope, na kuitoa evaporeta maana yake ni kufungua dashibodi.

Inaanza vizuri, baada ya saa moja ya safari upepo unaisha kabisa. Nikizima na kupumzika, inarudi.

Evaporeta inaganda barafu. Barafu inaziba njia ya hewa, ukizima inayeyuka, na utaona maji mengi chini ya gari. Jaribu hili: ikianza kufa, zima AC lakini acha bloa ikizunguka dakika kumi. Upepo ukirudi na nguvu, ni barafu. Chanzo huwa filta iliyoziba, gesi iliyopungua, au ile sensa ndogo inayopaswa kuamuru kompresa ikatike kabla ya kuganda. Wa barabara ya Same na Mombo ndio wanaoniletea hili, kwa kuwa mjini hakuna safari ya kutosha kugandisha.

Kwani gesi ya AC huwa inaisha kama mafuta?

Hapana. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa na haitumiki. Kiasi kidogo sana hupenya taratibu kwenye mipira na sili ya kompresa, hivyo gari la miaka mingi linaweza kupungukiwa bila tundu la kuonekana. Lakini ukijaza leo na wiki mbili baadaye imekwisha, una tundu, na kila unapojaza unailipia hewa ya Moshi.

Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo gesi inapotokea hubaki doa la mafuta lililoshika vumbi. Mimi huanza na macho na tochi: viungo vya mabomba, uso wa kondensa ulipopigwa na kokoto, na zile valvu mbili za kujazia gesi. Vifuniko vya plastiki vya hizo valvu mafundi wengi huvipoteza, na ni vizuizi vya kweli, siyo urembo. Kisha povu la sabuni, halafu rangi inayong'aa kwenye taa ya zambarau kama bado sijaona.

Fundi akitaka kutafuta tundu kwa kujaza upepo wa kompresa ya matairi, mkatalie. Anaingiza unyevu, na gesi ya R134a, ile ya AC za magari mengi, ikichanganyika na hewa nyingi chini ya presha inaweza kushika moto. Oksijeni ya kuchomelea ni mbaya zaidi, inaweza kulipuka ikikutana na mafuta. Kinachotumika ni naitrojeni.

Fundi aliweka geji gari likiwa limezimwa, ikasoma karibu 100. Akasema gesi imejaa. Ni kweli?

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela, mara nyingine na fundi ambaye naye hajui. Gari likiwa limezimwa, geji inakuonyesha joto, haionyeshi kiasi. Maadamu ndani kuna gesi iliyo katika hali ya maji, hata kidogo, R134a kwenye nyuzi 30 itasoma karibu psi 97. Ni sawa na mtungi wa gesi ya kupikia: presha ni ile ile ukiwa umejaa au umebaki robo, ndiyo maana mwenye duka huupima kwenye mizani.

Kipimo cha kweli cha kiasi ni uzito. Fungua boneti utafute stika. Hata zile za Kijapani zina maandishi HFC134a na namba yenye herufi g. Magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 350 na 600, yenye AC ya nyuma kama Alphard huzidi hapo. Fundi mwenye mizani anatoa gesi yote kwa mashine, anavuta vakyumu (ananyonya hewa na unyevu wote kwa pampu), anarudisha gramu zilizoandikwa. Asiye na mizani anakisia.

Nikimwangalia fundi akisoma geji injini ikiwaka, nitegemee nini?

Kwenye nyuzi 32 hivi, upande wa bluu (presha ya chini) kati ya psi 25 na 45, upande mwekundu (presha ya juu) kati ya 200 na 250. Gari moja hutofautiana na jingine, tazama zaidi jinsi namba mbili zinavyoenda pamoja. Zote mbili chini: gesi haitoshi. Zote mbili juu: joto halitoki, au gesi imezidi, au kuna hewa ndani. Bluu juu na nyekundu chini: kompresa haisukumi. Bluu imeshuka mpaka chini ya sifuri: njia imeziba, mara nyingi kwenye valvu ndogo ya kupunguzia presha.

Halafu kuna hili la huku kwetu milimani. Ukivuta vakyumu Dar es Salaam au Tanga, mshale unaweza kukaribia inchi 30 za zebaki. Moshi tuko karibu mita 900 juu ya bahari, hata pampu bora itaishia kwenye 27 hivi. Arusha kwenye mita 1,400 ni 25 na kidogo. Nimeona kijana wa Njiro, Arusha, akitupa pampu nzima kwa sababu video aliyoitazama ilisema 29. Pampu haikuwa na kosa. Cha kuangalia ni mshale kubaki palepale nusu saa baada ya kufunga valvu.

Nimeongezewa gesi, sasa imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Imezidi. Gesi ya ziada inajikusanya kwenye kondensa katika hali ya maji na kula nafasi ya kutemea joto. Presha inapanda, swichi inaikata kompresa, inawaka tena, inakatwa tena. Itolewe kwa mashine na kupimwa upya. Kuiachia hewani siyo ustaarabu: R134a inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo, na ndiyo moja ya gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza Kigali mwaka 2016.

Kuna anayejaza gesi ya jiko, ni rahisi na inapoza. Nikubali?

Hapana. Inapoza kweli, lakini unakuwa umeweka gesi inayowaka moto kwenye mabomba yanayopita mbele ya magoti yako. Na fundi anayefuata hatajua alichokifungua.

Kompresa inawaka na kuzima kila sekunde chache. Imekufa?

Kwa kawaida inajilinda. Gesi ikiwa kidogo presha ya chini inashuka haraka inakatwa, ikiwa nyingi au feni imekufa inakatwa kwa upande wa juu. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi, rilei, swichi ya presha, na umeme unaofika kwenye klachi ya kompresa. Magari mengine mapya hayana klachi inayobofya, kwa hiyo kutosikia "tak" siyo ushahidi.

Ukiambiwa ibadilishwe, omba kuonyeshwa geji kwanza. Na ikiwa imesagika ndani, kuweka nyingine, hata mtumba safi wa Japan, bila kuosha mabomba na kubadilisha draya (chujio la unyevu) ni kuilisha chembe za chuma. Kondensa za siku hizi zina njia nyembamba mno kuoshwa, nayo hubadilishwa.

Nikipanda Marangu, AC inakata yenyewe.

Tazama mshale wa joto la injini. Magari mengi huzima AC injini ikipata moto kupita kiasi. Tibu rejeta, maji na feni kwanza, AC itarudi yenyewe. Usimruhusu mtu aunganishe waya ili isikatike.

Upande wa dereva moto, wa abiria baridi.

Gesi kidogo, au kile kijibamba cha kuchanganya hewa ya moto na baridi kimekwama. Kama gari lina valvu ya maji ya hita, nayo ikaguliwe.

Zulia la abiria limelowa.

Mrija wa kutolea maji umeziba. Kwa kawaida unauzibua kwa upepo kidogo kutokea chini. Hiyo siyo dalili ya gesi, hata ukiambiwa.

Gari lilikaa juani, ndani kama tanuri. Niwashe AC mwisho mara moja?

Fungua vioo vyote, tembea dakika moja au mbili joto litoke, ndipo ufunge na uwashe. Unaisaidia zaidi ya unavyodhani.

Nikuletee gari saa ngapi?

Kila mtu anataka saa mbili asubuhi ili awahi kazini. Kwa AC isiyopoza, mimi naomba uje saa nane mchana, jua likiwa utosini. Asubuhi gari lako litanidanganya, litapoza vizuri nikuambie halina kitu. Na usilioshe mbele kabla ya kuja. Nataka kuliona vumbi lilivyokaa.